Asali kwenye chuchu za mama anayenyonyesha

SWALI: Nina ujauzito wa miezi saba na nimetokwa na madoa ya kahawia mashavuni. Jirani yangu hutengeneza mafuta ya kujipaka kwa asali, nta, mafuta ya mwarobaini na manjano, naye amenipa kopo moja. Mama mkwe ananishauri niyapake usoni, na tumboni ili nisipate michirizi, kisha nikijifungua niyapake kwenye chuchu zisichanike. Vyote ni vya asili, lakini moyo wangu unasita. Je, ni salama?
Mama Kijacho, Sikonge

JIBU: Hongera kwa ujauzito, na mfikishie mama mkwe salamu zetu, kwani sehemu ya ushauri wake tunaikubali. Asali na nta zikipakwa kwenye ngozi isiyo na jeraha hazimdhuru mjamzito asiye na mzio nazo, ingawa michirizi hutegemea zaidi urithi na jinsi ngozi inavyotanuka, na hakuna mafuta yanayoweza kuahidi kuizuia.

Tunachokikataa ni chuchu. Asali, hata iliyorinwa jana msituni, inaweza kubeba spora, yaani mbegu ngumu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Utumbo wa mtu mzima huzimudu, bali katika utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 zinaweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kukosa choo, kisha kilio hufifia, kope hulegea na kunyonya kunakuwa kwa shida. Hapo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo, wala kupangusa chuchu kabla ya kunyonyesha hakutoshi, kwa sababu nta hunata kwenye mikunjo ya ngozi, nayo nta ya nyumbani huweza kubaki na asali hata ikichujwa kwa kitambaa. Chuchu ikichubuka, kamua matone machache ya maziwa yako mwenyewe, yapake na uyaache yakauke, kisha mwombe mkunga atazame mtoto anavyolishika ziwa, maana mara nyingi michubuko hutokana na mtoto kushika ncha tu badala ya kujaza mdomo hadi kwenye sehemu nyeusi.

Mwarobaini, pamoja na sifa zote zilizomo katika jina lake, tungeutoa kwenye kopo. Mafuta yake yameharibu mimba za wanyama katika majaribio, na watoto wachanga walionyweshwa wamepata degedege. Kupaka si sawa na kunywa, lakini mtoto hulamba chochote kilicho kifuani mwa mama yake. Manjano ya jikoni hayana neno, ila yatakuchafulia mito.

Madoa yako husababishwa na homoni za ujauzito na kwa kawaida hufifia miezi michache baada ya kujifungua. Kwa sasa yakinge na jua kwa mtandio au kofia pana. Usikubali mkorogo wowote, hata ukiuzwa kwa jina la mitishamba: baadhi yake huwa na zebaki, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na huingia katika maziwa. Kopo ulilo nalo mrudishie jirani, umwombe akutengenezee jingine lisilo na mwarobaini, nalo liwe la tumbo peke yake.