Shime, si hima

Swali lenu la wiki hii linataka neno moja la Kiswahili la kumsukuma mtu atende jambo sasa hivi, na maelezo ya namna linavyotumika. Wengi watataja hima, na sitabishana nao sana. Mimi nachagua shime.

Hima linakazia muda. Lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya ari na azma, lakini kwetu limehamia jirani na haraka. Kitenzi chake, kuhimiza, nacho kimechoshwa na taarifa za habari: wananchi wamehimizwa hiki, wazazi wamehimizwa kile, wala hakuna anayeinuka kitini. Shime linakazia nguvu. Anayeitiwa shime anaambiwa kwamba kazi ni nzito na kwamba anaiweza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kutia shime na kutia moyo ni mamoja. Aliyefeli mtihani hutiwa moyo. Anayejiandalia mtihani hutiwa shime. Mfiwa hutiwa moyo, na atakayemtia shime atashangaza watu. Mgonjwa aliye hoi kitandani vivyo hivyo, mpaka siku atakapoanza mazoezi ya kutembea. Hapo mpeni shime yote mliyo nayo! Kwa kifupi, shime linahitaji kazi iliyo mbele ya mtu.

Kisarufi ni neno gumu kidogo. Halinyambuliki kama hima lilivyozaa himiza na himizana, kwa hiyo likitakiwa kuwa tendo huazima "tia". Likisimama peke yake hutangulia sentensi, na aghalabu wanaoitwa hutajwa papo hapo: "Shime vijana, tumalize!" Tazameni hiyo "tu". Mtu anaweza kusema "malizeni" na asiwe amekosea, ila sikio langu husita, maana anayeita shime huku amekaa kivulini anaamrisha tu. Kwa mtu mmoja ukelele huu husikika kama hotuba. "Haya" au "kaza" humtosha.

Ninapolichukia ni kwenye mabango. "Shime tutunze mazingira", sawa, lakini nianze na nini, wapi, na nani? Andikeni "Shime, tuzoe taka za mtaro huu Jumamosi asubuhi", nami nitakuja na koleo.