Mdogo wako akiitwa kwenye mradi wa ubongo, aulize nani atasoma picha

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza uzamili aingie kwenye mradi wa ubongo wa chuo cha Ulaya hapa Mbeya, au asubiri ajira. Aingie. Ila kabla hajasaini aulize: picha za ubongo zikishapigwa, nani atazisoma?

Mradi wangu wa kwanza ulihusu kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe. Huku kwetu nguruwe wengi huachwa wajitafutie, na si kila kaya ina choo. Mtu akimeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu (si kwa kula kitimoto, hapo wengi hukosea), mabuu yanaweza kujikita kwenye ubongo. Nilizunguka vijiji vya Mbozi kwa pikipiki mwaka mzima, nikajaza madodoso, nikasindikiza wagonjwa kupigwa picha za ubongo kwa mashine ya CT. Picha zikaenda Ulaya. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye shukrani. Hilo nilimeza. Kilichoniuma ni mama aliyenishika mkono kuuliza majibu ya mwanae, nikakosa la kumjibu.

Mradi wa pili ulikuwa tofauti kabisa. Kila Alhamisi jioni mimi na daktari wa huko Ulaya tulifungua picha ileile, kila mtu kwenye kompyuta yake. Alinifundisha kwamba doa jeupe ni kivimbe cha buu kilichokufa na kugeuka chokaa. Kivimbe cheusi chenye nukta ndani bado kina mdudu hai. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu, maana dawa ya minyoo ikiua vivimbe hai, ubongo unaweza kuvimba na mgonjwa akaanguka zaidi. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nasoma mimi kwanza, yeye anasahihisha. Rasimu yangu ya makala aliirudisha mara sita. Niliichukia ile wino nyekundu, lakini ndiyo iliyonifundisha kuandika.

Asitegemee mradi mmoja pia. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa 1961, hufadhili mafunzo kwa vijana wa Afrika, na SONA huwakutanisha wanasayansi wa ubongo barani humu. Kwenye mafunzo ya namna hiyo nilikutana na Mzambia, mtu wa ng'ambo tu ya Tunduma, anahangaika na tegu huyuhuyu. Mpaka leo tunasomeana picha.

Anitumie huo mkataba kabla hajasaini, tuupitie pamoja.