Pua Imeacha Kusikia Harufu: Majibu kwa Maswali Yenu

Daktari, tangu niugue mafua chakula hakina ladha. Lakini nikinusa Vicks naisikia vizuri. Pua yangu si nzima? – Mama wa Nyalenda, Kisumu

Mama, Vicks haikuambii lolote kuhusu harufu. Puani kuna neva inayotambua harufu, na nyingine inayotambua mwasho, ubaridi na ukali. Vicks, amonia na pilipili huiamsha hiyo ya pili. Hata aliyepoteza harufu kabisa atarusha kichwa nyuma akinusishwa amonia.

Jaribu hivi. Bana pua, tia mdomoni peremende ya chungwa, uitafune. Utasikia utamu na uchachu tu, kwa kuwa ulimi haujui zaidi ya chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Sasa achia pua. Ikiwa ni nzima, chungwa litajaa mdomoni papo hapo, maana harufu hupanda kupitia nyuma ya koo. Pasipobadilika kitu, njoo tukupime.

Naweza kujipima mwenyewe nyumbani? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, tafuta mtu akupime. Atie kahawa ya unga, ganda la ndimu na kipande cha sabuni katika mikebe inayofanana, na mmoja auache mtupu. Wewe fumba macho, unuse kwa tundu moja la pua, kisha lingine, ukipumzika kidogo kati ya mkebe na mkebe. Usiuache ule mtupu: ukitaja harufu ukinusishwa hewa tupu, ujue unakisia.

Hapo utajua kama kuna tatizo, si kiasi chake. Watu wengi hukosea wakijikadiria. Wengine wamepoteza sehemu kubwa na hawana habari. Ndiyo sababu kuna vipimo vya hospitali. Kimoja kilitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1984: harufu 40 zilizofungwa kwenye karatasi, unakwaruza, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Cha Ujerumani, cha mwaka 1997, hutumia kalamu zenye harufu, na hupima pia harufu hafifu kabisa unayoweza kuigundua. Lakini kile cha Marekani kina harufu ya pai ya boga! Mtu wa Mbale ambaye hajawahi kuionja asihesabiwe mgonjwa kwa kutoitambua. Ukipimwa kwa harufu ngeni kwako, sema wazi.

Mwanangu alianguka na boda boda hapa Nakuru. Skani haikuonyesha kitu, ila hasikii harufu. – Baba wa Kaptembwo

Pole sana, mzee. Nyuzi za neva ya harufu hupita katika vitundu vidogo vya mfupa mwembamba ulio kati ya pua na ubongo. Kichwa kikitikisika kwa nguvu, zinaweza kukatika, na skani ya kawaida isionyeshe. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo apimwe sasa, kisha arudie baada ya miezi kadhaa. Bila alama ya kwanza hatutajua kama anapona. Wengine hurudiwa na harufu kwa sehemu.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi: gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili tugundue ikivuja. Yeye hataisikia. Asiachwe peke yake na mtungi, na chakula kilicholala aonyeshe mtu mwingine kabla ya kula.

Nimesoma kwamba kupoteza harufu ni dalili ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko. Nina miaka 68. – Msomaji, Bungoma

Inaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka, ndiyo. Ila wengi waliopoteza harufu hawana ugonjwa huo. Umri wenyewe huipunguza, na vinyama vya puani huziba njia. Pimwa.

Kuna dawa? – Dada wa Kisii

Inategemea chanzo. Vinyama na uvimbe hutibika. Baada ya mafua au Covid, mazoezi ya kunusa husaidia baadhi ya watu: waridi, mkaratusi, ndimu na karafuu, sekunde kama 10 kila moja, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 ulitumia harufu hizo nne. Karafuu na ndimu utazipata sokoni. Mafuta ya mkaratusi yadondoshe kwenye pamba, usiyatie puani.