Maswali Yenu: Nani Alianza Kutaka Kujitenga Marekani?

Ni kweli wazo la kujitenga lilianzia majimbo ya Kusini?

Hapana, na swali hili linarudi kila wiki. Desemba 1814, nchi ikiwa vitani na Uingereza, wajumbe 26 wa majimbo ya New England, Kaskazini kabisa, walijifungia Hartford, Connecticut. Vita vilikuwa vimeua biashara yao ya bahari. Baadhi ya wenzao walikwisha kuzungumzia kujitenga. Mkutano wenyewe ukaishia kudai katiba irekebishwe, ikiwemo rais asitoke jimbo moja mara mbili mfululizo. Waliolengwa ni Virginia, iliyotoa watatu kati ya marais wanne wa kwanza. Waliotumwa Washington na madai hayo wakakuta watu wanashangilia ushindi dhidi ya Waingereza huko New Orleans, na amani imeshatiwa saini. Wakawa kichekesho, na chama chao cha Federalist hakikuinuka tena.

Kabla yao, mwaka 1798, Thomas Jefferson na James Madison waliandika kwa siri maazimio ya kutetea majimbo dhidi ya serikali ya Rais John Adams. Jefferson huyohuyo alipoukalia urais akafunga bandari za nchi nzima, 1807. Ukiwa nje, haki za jimbo ni dini. Ukishaingia ikulu, ni uasi.

Rais George Washington alitoa wapi hotuba yake ya kuaga?

Hakuitoa popote. Ilichapwa gazetini Philadelphia, Septemba 1796.

Sasa Muungano huo wa majimbo ulishikiliwa na nini?

Na mtumwa. Katiba ilimhesabu kwa tatu ya tano wakati wa kugawa viti vya Bunge, na kwa kuwa kura za urais za kila jimbo zilifuata idadi ya viti vyake, Kusini ikazivuna kwa watu wasioruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1820 wakakubaliana Missouri iingie na utumwa, Maine bila utumwa. Mwenye minyororo hakuulizwa. Na Kaskazini isijitakase: merikani waliyoivaa babu zetu, iliyoletwa Unguja na meli za Salem, ilifumwa New England kwa pamba ya mashamba ya Kusini.

Rais Andrew Jackson alikuwa mtu wa Kusini. Mbona aliitishia South Carolina?

Kwa sababu safari hii iliyokaidiwa ni serikali yake. Novemba 1832 jimbo lilitangaza kuwa ushuru wa forodha ni batili. Machi 1833 Bunge likampa Jackson ruhusa ya kutumia jeshi, na papo hapo likapunguza ushuru. Carolina ikafuta tangazo lake, kisha ikabatilisha ile sheria ya jeshi, ili mradi isionekane imepiga magoti. Lakini mwaka huohuo wa 1832 Georgia ilipoipuuza Mahakama Kuu kuhusu ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, Jackson alitazama pembeni. Anayemsifu kama mlinzi wa Muungano ajibu na hilo.

Naomba uniandikie insha ya sababu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, natakiwa kuiwasilisha kesho.

Hapana. Na ukiandika ushuru ukasahau utumwa, natumaini mwalimu atakukata alama.