Praima ya kupuliza kwa modeli ndogo: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu hatua moja: praima, ule mpako wa kwanza unaopulizwa kwenye modeli kabla ya rangi yenyewe. Ni hatua ya dakika tano, lakini ikikosewa inaweza kupoteza kazi ya wiki tatu, kwa hiyo sioni ajabu kwamba inawasumbua wengi. Nimeyafupisha maswali, na pale wawili walipouliza jambo lilelile nimejibu mara moja.

Kaka, rangi zangu za akriliki zinashika vizuri kwenye plastiki hata bila praima. Kwa nini nijisumbue? (Morogoro)

Zinashika mpaka siku utakapozishika. Chukua kijisanamu ulichokipaka bila praima, kwaruza ncha ya upanga au ukingo wa ngao kwa ukucha, utaona rangi inabanduka kama utandu wa maziwa. Modeli nyingi ni za plastiki ya polistirini. Uso wake ni laini, hainywi kitu, na rangi ya maji hukauka juu yake bila kupata pa kujishikiza. Praima hujing'ang'aniza kwenye plastiki, kisha juu yake inaacha uso wenye ukwaru mdogo sana ambao rangi inaupenda.

Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Modeli ikishakuwa rangi moja isiyong'aa, kila kasoro inajitokeza: mstari wa kalibu (alama ya pale nusu mbili za kalibu zilipokutana) ulioachwa begani, tone la gundi, pengo kati ya mabawa na kiwiliwili. Hapo bado unaweza kurekebisha.

Kabla ya yote, osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uiache ikauke kabisa. Kwa modeli za resini hili si la hiari, kwani mara nyingi hutoka kiwandani na mafuta yanayopakwa ili zibanduke kwenye kalibu.

Makopo ya chapa za modeli ni ghali na hayapatikani kila wakati. Duka la spea lina praima ya magari kwa bei nafuu. Nitumie? (Nairobi, na mwingine wa Mbeya)

Tumia, lakini ijaribu kwanza. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupoteza ndege ya skeli ya 1/72 kwa kopo ambalo sikulijaribu. Nilipuliza mpako mmoja mzito, nikaenda kula, niliporudi bawa lilikuwa limekunjamana kama ganda la chungwa na mistari yote ya paneli imetoweka. Polistirini huyeyuka inapokutana na viyeyusho vikali, na praima ya gari imetengenezwa kwa ajili ya bati, ambalo halidhuriki na viyeyusho hivyo.

Kipimo ni rahisi. Usitupe ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande ndani ya boksi la modeli. Ipulizie praima unayoifikiria, mpako mwembamba upande mmoja na mzito upande wa pili, uiache hadi kesho yake. Kisha angalia kama plastiki imelainika, ibonyeze kwa ukucha, ikwaruze, bandika selotepu na uing'oe kwa nguvu. Ikivuka yote hayo upande ule mwembamba, kopo hilo linafaa, mradi nawe ubaki kwenye mipako myembamba.

Dukani omba praima ya akriliki, ya kijivu, isiyong'aa. Epuka ile nene ya kujaza, ambayo mafundi wa bodi huitumia kufukia mikwaruzo ya msasa. Itafukia pia macho na mikunjo ya nguo ya kijisanamu chenye urefu wa milimita 28. Epuka redi oksaidi ya mageti, chembe zake ni kubwa mno kwa kazi yetu. Na usiguse kabisa praima ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kigumushi chake. Nyingi kati ya hizo zina isosayaneti, kemikali inayoweza kuharibu mapafu kwa kudumu. Hiyo ni kazi ya gereji yenye chumba maalumu cha rangi na vifaa vya kupumulia.

Ukipata fedha kidogo, Tamiya Fine Surface Primer ni nzuri mno kwa ndege na magari, mpako wake ni laini hadi unasahau upo. Mr. Surfacer huja na namba, 500, 1000, 1200 na 1500. Zisome kama msasa: namba ikipanda, chembe zinazidi kuwa ndogo. Kwa vijisanamu anzia 1000. Makopo ya Citadel na The Army Painter yametengenezwa kwa vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, na uzuri wake ni kwamba rangi ya kopo hulingana na ile ya kichupa cha brashi, kwa hiyo praima inakuwa pia rangi ya msingi.

Shemeji yangu anakuja kutoka Muscat kwa ndege. Aniletee makopo mawili kwenye begi? (Unguja)

Hapana, tafadhali usimtie matatani. Makopo ya kupuliza yenye gesi inayowaka husafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa namba UN 1950, na abiria haruhusiwi kuyabeba mkononi wala kwenye begi la chini. Dawa na vipodozi vina kanuni yake, rangi haimo. Mwombe akuletee praima ya maji ya kichupa, inayopakwa kwa brashi, na aiweke kwenye begi la chini.

Modeli moja imetoka na ngozi kama msasa, nyingine imefunikwa na ukungu mweupe. Kopo ni lilelile. Nimekosea wapi? (Tanga)

Hili ndilo swali langu, mimi ninayeishi pwani, na ninalijibu kwa kirefu kwa sababu maelekezo yaliyoandikwa kwenye makopo yamefikiria nchi zenye hewa nyingine. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi huyatibu kwa dawa moja.

Ngozi ya msasa ni ugonjwa wa joto na umbali. Matone ya praima yanatoka kwenye kopo yakiwa maji, yanapaswa kutua yakiwa bado maji kisha yatandazike yenyewe. Kukiwa na jua la nyuzi 32, nawe umesimama mbali, kiyeyusho kinaisha hewani, kinachotua ni vumbi. Dawa yake ni kivuli, na kusogea karibu. Kopo likisema sentimita 30, mchana wa joto mimi hupuliza kwa sentimita 18 hadi 20, kwa mipulizo mifupi zaidi.

Ukungu mweupe ni ugonjwa wa unyevu. Kiyeyusho kinapokauka haraka hupoza uso wa modeli, na hewa iliyoshiba maji inaacha umande wake palepale, ndani ya praima ambayo haijakauka. Unyevu ukivuka asilimia 70 naanza kuwa na wasiwasi, ukivuka 80 naliweka kopo kabatini. Kipima unyevu kidogo cha dijitali ndicho kifaa kilichobadilisha kazi yangu kuliko brashi yoyote niliyowahi kununua. Nilipokipata ndipo nilipotambua kwamba muda wangu wa kupuliza, asubuhi na mapema kabla ya kwenda kazini, ulikuwa muda mbaya kuliko yote. Alfajiri ya pwani hewa imebeba unyevu mwingi. Jua likipanda, unyevu unashuka. Sasa napuliza kati ya saa nne na saa saba, kivulini, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Wakati wa masika zinapita hata siku kumi sipulizi kitu, nakusanya modeli na kusafisha mistari ya kalibu. Miezi ya Julai na Agosti ndiyo ninayomaliza viporo.

Kuna mtego mwingine kwa wenye kiyoyozi. Usitoe modeli kwenye chumba baridi ukaipuliza nje papo hapo. Umeona soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani? Modeli yako inafanya vivyo hivyo, ila jasho lake hulioni. Iache nje nusu saa kwanza, na kopo nalo liwe pamoja nayo, kivulini.

Wenzetu wa Njombe na Limuru wana shida ya kinyume. Kopo likiwa baridi linatema matone makubwa. Litumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kamwe si jikoni wala juani. Makopo haya hayapaswi kufikia nyuzi 50, na gari lililofungwa juani linafika huko.

Nisogeze vipi mkono ninapopuliza? Kila mara napata michirizi. (Mwanza)

Unaanza kupuliza ukiwa umelenga modeli. Mpulizo wa kwanza na wa mwisho ndio hutema, kwa hiyo anzia pembeni kwenye hewa tupu, pitisha juu ya modeli bila kusimama, achia kidole ukiwa umeshaivuka. Mkono wote usogee pamoja. Ukizungusha kiganja tu, umbali unabadilika katikati ya njia.

Tikisa kopo dakika mbili kamili. Utasikia kigololo kikigonga ndani. Anza kuhesabu pale kinapogonga kwa uhuru, na endelea kutikisa kati ya mpako na mpako. Mimi hubandika kijisanamu juu ya kizibo cha chupa ya maji kwa selotepu ya pande mbili, naipanga chupa ndani ya boksi lililokatwa upande mmoja. Mpako wa kwanza ukimaliza, plastiki bado ionekane kwa chini. Hapo ndipo watu wengi wanapokosa subira na kuongeza. Ngoja dakika 10 hadi 15, geuza, piga wa pili. Mipako mitatu myembamba haijawahi kunitia hasara. Mmoja mzito ulikula ndege yangu.

Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini, puliza mpaka itoke gesi tupu. Kipulizio kitabaki safi hadi safari ijayo.

Nyeusi, nyeupe au kijivu? (Arusha)

Kijivu, kama huna sababu ya nyingine. Inaonyesha kasoro vizuri na haibishani na rangi yoyote. Nyeusi inasamehe: usipofikia kona na brashi, kona inabaki kivuli, na rangi za chuma zinapendeza juu yake. Nyeupe au rangi ya mfupa inafaa kwa njano na nyekundu, ambazo juu ya nyeusi hunywewa, na ni ya lazima kwa rangi za maji maji kama Contrast za Citadel zilizotoka mwaka 2019, kwa sababu hizo hutegemea mwanga unaorudi kutoka chini.

Ukitaka zote mbili, piga nyeusi kila upande, iache ikauke, kisha piga nyeupe kidogo kutoka juu tu, pembe ya nyuzi 45, kana kwamba kopo ndilo jua. Kijisanamu kitakuonyesha mwenyewe wapi pana mwanga na wapi pana kivuli. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, na kila nikiifanya nasimama kidogo kuitazama.

Vijisanamu vya mchezo wa mezani vinanata wiki ya pili sasa. (Kampala)

Bila shaka ni PVC, ile plastiki laini inayopinda. Vilainishi vilivyomo ndani yake hugombana na baadhi ya makopo, na praima haikauki kamwe. Usisubiri zaidi. Iondoe, na safari ijayo tumia praima ya maji kwa brashi.

Shikamoo. Nina miaka 16. Nimepuliza nene mpaka sura ya askari wangu imepotea. Naweza kurudi nyuma? (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Unaweza, kama ni plastiki ngumu. Mweleze mzazi, kisha nunua Dettol ya kahawia, ile ya majeraha. Mimina bila kuchanganya na maji kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, tumbukiza askari, mwache siku nzima. Vaa glavu, maana ikikaa mkononi inachoma, na fungua dirisha.

Hapa sikiliza vizuri. Sugua kwa mswaki wa zamani ukitumia Dettol hiyohiyo, si maji. Maji yakigusa rangi iliyolainika, inageuka ulimbo unaonata kila mahali. Rangi ikishatoka yote ndipo uoshe kwa maji na sabuni. Usitumie thina: itaondoa praima pamoja na askari mwenyewe.

Natengeneza majahazi madogo ya mbao, si plastiki. Nyuzi za mbao zinasimama nikipuliza. (Lamu)

Mbao inakunywa, na ikinywa inavimba. Paka kwanza sila ile wanayotumia mafundi samani kabla ya vanishi, iache ikauke, pitisha msasa laini kufuata mkondo wa mbao, rudia mara moja. Kisha praima, nyepesi. Ila ukiwa na mbao nzuri, niruhusu nikushauri uache ubavu mmoja bila rangi.

Tunaishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule, na mke wangu ni mjamzito. Nikifungua madirisha inatosha? (Dar es Salaam)

Haitoshi, ndugu yangu. Gesi inayosukuma rangi mara nyingi ni propani na butani, jamaa wa ile iliyo kwenye mtungi wako wa kupikia, kwa hiyo cheche ya jiko inatosha kuiwasha. Mvuke wa viyeyusho nao unabaki kwenye mapazia na godoro baada ya harufu kupungua. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke; inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa, nayo ingekukinga wewe peke yako.

Panda juu ya paa au shuka uwanjani, mbali na madirisha ya majirani, na modeli zibaki hukohuko mpaka zisitoe harufu ukizinusa kwa karibu. Kama huna pa kwenda, weka makopo pembeni kwa miezi hii. Nunua kichupa cha praima ya maji, kama Vallejo Surface Primer, paka kwa brashi laini mipako miwili myembamba, na usiusugue mpako ukishaanza kukauka. Uiache hadi kesho yake kabla ya rangi. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima mtoto wetu alipokuwa mchanga, na vijisanamu vya mwaka ule bado viko kabatini, rangi yake haijabanduka.