Msikimbilie mstari wa 28

Swali lenu la wiki hii, "Mateso yana maana gani kwa Mkristo?", nililisoma asubuhi nikaliacha, usiku nimerudi kwa sababu limenikaa kooni. Ila mi naona swali lenyewe ni lingine: nani ana ruhusa ya kumwambia mgonjwa kwamba mateso yake yana maana?

Maana wote tunajua inavyokuwa. Mtu akiugua tu wanakuja wa kanisani, pambio moja, Warumi 8:28 (ule wa Mungu kuwapatia mema wampendao), maombi ya kufunga, wameondoka.

Mdogo wangu figo zilifeli, akawa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara masaa karibu 4 amelala pembeni ya ile mashine, na akirudi hana nguvu hata ya kushika kikombe. Jioni moja walikuja watu watano, wakasoma huo mstari, alafu mmoja akamuuliza kama kuna dhambi hajatubu. Yani swali lilelile wanafunzi walilomuuliza Yesu kuhusu yule kipofu kwenye Yohana 9, na Yesu alishajibu, huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake! Mdogo wangu hakujibu kitu, aligeukia ukutani tu. Mimi nilikuwa pale na sikuwafukuza, mpaka leo linaniuma.

Wenzake walivyotoka akabaki mama mmoja mjane, mtu mzima sana. Hakuomba, hakuimba, alivuta kigoda akaanza kumkanda miguu maana ilikuwa imevimba. Kimya kirefu. Baadaye mdogo wangu mwenyewe ndo akasema, mama nisomee chochote. Akasoma Zaburi 88, ile inayoishia gizani bila neno la faraja, nikashangaa kwa nini kachagua hiyo, alafu akaenda Warumi 8 lakini akaishia mstari wa 26, kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mdogo wangu akageuka. "Kumbe na Roho naye anaugua?"

Mtu aliyesoma angemsahihisha, kwamba kuugua hapo ni kulia kwa uchungu, sio ugonjwa. Yule mama akasema, "Ndiyo mwanangu, anaugua na wewe." Akaendelea kukanda.

Mi siwezi kusema alikosea. Mstari wa 22 unasema viumbe vyote vinaugua pamoja, na Bwana mwenyewe pale msalabani alilia mbona umeniacha, hakuhubiri kuhusu faida za mateso.

Nilipoanza kuandika nilitaka nimalizie hapo, kwamba mateso hayana maana na tuache kuwatafutia watu maana. Lakini nitakuwa sijasema kweli yote, kwa sababu wiki kama mbili baadaye mdogo wangu aliniambia, kaka, nisomee na ule wa kwao. Nikasoma ule wa 28 kwa shingo upande, katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Akasema, "Hapo hajasema figo kufa ni jambo jema. Amesema yupo kazini." Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

Kwa hiyo jibu langu, na sijui kama linawafaa: naamini maana ipo, ila aliyeiona kwenye ugonjwa ule ni yeye aliyekuwa anaugua, mimi niliyekaa pembeni sikuiona na sidhani ningekuwa na haki ya kumpa. Na labda kuna watu ule mstari wa 28 uliwashika siku ya kwanza kabisa, siwabishii.

Alishalala. Namlilia na namtarajia, Paulo hakutukataza kuhuzunika, alisema tu tusihuzunike kama wasio na matumaini. Biblia yake ninayo mimi. Mstari wa 26 kaupigia penseli, umenyooka vizuri. Wa 28 pia kaupigia, ila huo unapanda na kushuka, nadhani mkono ulikuwa umeshachoka.