Kiini cha fast breeder kikiyeyuka, modeli ya kinu cha maji itakudanganya

Swali: Nasoma masters ya fizikia, nimepewa simulesheni ya kiini (sehemu ya kinu yenye fueli) kinachoyeyuka kwenye breeder ya sodiamu, yaani kinu cha nyutroni za kasi kinachozalisha fueli mpya na kupozwa na sodiamu. Naweza kuchukua modeli ya kinu cha maji nikatoa maji nikaweka sodiamu?

Jibu: Hapana ndugu yangu, utapata grafu safi na jibu la uongo. Kinu cha maji, maji ndo yanapunguza kasi ya nyutroni, yakiisha mmenyuko unakufa, unabaki na joto la mabaki tu na programu kama MELCOR ilijengwa kwa vinu vya namna hiyo. Breeder haina cha kupunguza kasi, alafu fueli yake haijapangwa kwenye umbo linalochochea mmenyuko kuliko yote, kwahiyo ikiyeyuka ikajikusanya pamoja nguvu inaweza kupanda tena ghafla, kama makaa ya jikoni ukiyasogeza. Wanafizikia Bethe na Tait walishaipigia hesabu hiyo 1956. Na bado sodiamu ikichemka (kama nyuzi 883 za Selsiasi kwenye shinikizo la kawaida) mapovu ya katikati ya kiini kikubwa yanaongeza nguvu, Doppler (fueli ikipata joto inameza nyutroni zaidi) ndo inajitahidi kuvuta chini.

Sasa hapo huwezi kutenganisha nyutroni na mwendo wa fueli, lazima vipigwe hesabu pamoja. Mwanzo wa ajali watu wanatumia programu ya SAS4A ya maabara ya Argonne, Marekani, kuta za chuma za mafungu ya fueli zikianza kuyeyuka wanahamia SIMMER-III ya Wajapani, waliyoijenga wakishirikiana na Wafaransa na Wajerumani, ile inafuatilia fueli, chuma, sodiamu na mvuke vyote kwa mpigo. Kichwa kitakuuma kwenye swali moja tu, fueli inaenda wapi? Ikipata njia ya kutoka kwenye kiini umepona, ikiganda ikaziba juu na chini inabaki inachezacheza humo ndani na ndo balaa. Kwahiyo kabla ya kuamini namba zako pima modeli na majaribio ya CABRI kule Ufaransa au EAGLE ya Kazakhstan.

Angalia pia aina ya fueli. Kwenye EBR-II, breeder ya majaribio ya Idaho, Marekani, 1986, walizima pampu bila kuingiza fimbo za kuzima mmenyuko na kinu kikatulia chenyewe, ila ile ilikuwa fueli ya metali na kinu kidogo, usiitumie kutetea kiini kikubwa cha oksaidi, msimamizi wako atakurarua. Ya kwako ni ipi, na ukubwa wa kiini? Niambie nikuelekeze pa kuanzia.